Maisha ya Joseph Henry, na Visanduku Viwili vya Motokaa

Safari hii zamu ya kuandika habari za mtu mashuhuri wa zamani ni yangu, nami nimemchagua Bwana Joseph Henry wa Marekani. Najua wengine watauliza kwa nini nisiandike habari za Edison au za Faraday, ambao majina yao yanajulikana na kila mwanafunzi. Sababu yangu ni kwamba kitu alichokibuni Bwana Henry hupita karibu na shule yetu kila siku nasi hatukioni. Kimo ndani ya kila motokaa iendayo Mbulu au Dongobesh, tena si kimoja bali vingi, vimepangwa pamoja na fyuzi katika visanduku vyeusi. Mafundi hukiita rilei. Mtu akiyafahamu maisha ya Bwana huyu atafahamu pia kwa nini visanduku hivyo viko pale vilipo, na kwa nini kwa kawaida ni viwili wala si kimoja.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1797 katika mji wa Albany, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uskochi, nao walikuwa maskini. Baba yake alifariki Joseph angali kijana mdogo, na sehemu kubwa ya utoto wake aliishi kwa bibi yake katika kijiji cha Galway, mbali kidogo na Albany. Huko alisoma shule ya kijiji, na baada ya masomo akafanya kazi katika duka. Alipofika umri wa miaka 13 alipelekwa kwa fundi wa saa na vyombo vya fedha ajifunze ufundi. Kazi ile haikumkaa moyoni. Kwa muda alipenda michezo ya kuigiza kuliko kitu cho chote, hata ilikaribia awe mwigizaji.

Basi alipokuwa na miaka 16 alipata kitabu kilichokuwa mali ya mpangaji mmoja katika nyumba ya mama yake. Kilikuwa kitabu cha sayansi kwa watu wa kawaida, kimeandikwa kwa maneno mepesi, nacho kiliuliza juu ya mambo yanayoonekana kila siku: jiwe likirushwa angani kwa nini hurudi, na moshi kwa nini hupanda. Joseph akakisoma, akaacha habari za michezo. Mwenye kitabu alipoona jinsi kijana alivyokishika, akampa kiwe chake. Bwana Henry alikitunza kitabu kile maisha yake yote.

Mwaka 1819 aliingia shule kubwa ya Albany bila kulipa karo. Hata hivyo chakula na nguo zilimhitaji fedha, kwa hiyo alifundisha shule za mashambani na watoto wa matajiri ili aweze kuendelea. Alidhani atakuwa mganga. Lakini katikati ya mambo hayo akapata kazi ya kupima njia kubwa kutoka mto Hudson mpaka ziwa Erie, akatembea nyikani miezi mingi, na afya yake ikawa njema kuliko kwanza. Mwaka 1826 shule yake ya zamani ikamwita arudi, si kama mwanafunzi bali kama mwalimu wa hesabu na sayansi.

Hapa walimu wenzangu watamhurumia. Alifundisha saa nyingi kila siku, tena wengine walikuwa watoto wadogo wa hesabu za mwanzo, na chumba cha kufanyia majaribio kilikuwa darasa lile lile. Kwa hiyo majaribio yake makubwa aliyafanya katika mwezi wa Agosti, wakati wa likizo, watoto walipokwenda makwao. Shule ilipofunguliwa, ilimbidi afungashe waya zake na kungoja mwaka mwingine. Jambo hilo lilimgharimu sana, kama mtakavyoona.

Siku zile sumaku ya umeme ilikuwa kitu kipya. Mwingereza aitwaye William Sturgeon alikuwa amekipaka vanishi kipande cha chuma, akakizungushia waya mtupu mara chache, akapitisha umeme, na chuma kikainua ratili 9. Waya ule haukuweza kuzungushwa karibu karibu, maana ukigusana wenyewe kwa wenyewe umeme hupita njia ya mkato. Bwana Henry akafikiri kwamba badala ya kukivika chuma nguo, ni afadhali auvike waya wenyewe. Akauvika kwa hariri, kisha akauzungusha mara mamia, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 aliwatengenezea watu wa chuo cha Yale sumaku iliyoinua ratili zaidi ya 2,000. Kwa kipimo cha leo ni zaidi ya kilo 900, yaani magunia tisa ya mahindi, na umeme wake ulitoka katika betri ndogo tu.

Lakini nguvu ile siyo jambo ninalolistaajabia zaidi. Bwana Henry aligundua kwamba sumaku ni za namna mbili. Ya kwanza ina waya nyingi fupi, nayo hupenda umeme mwingi kutoka betri iliyo karibu. Nguvu zake ni kubwa, lakini ukiiweka mbali na betri kwa waya mrefu, hulegea kabisa. Ya pili ina waya mmoja mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Haiinui mzigo mzito, lakini hata ikiwa mbali huitika. Mwaka huo huo wa 1831 alitandika waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja, akauzungusha katika kuta za chumba, na mwisho wa waya akaweka sumaku ya namna ya pili na kipande cha chuma na kengele. Akiunga betri upande huu, kengele ililia upande ule. Basi alikuwa na mtu mwenye nguvu asiyesikia kwa mbali, na mtu dhaifu mwenye masikio makali. Ilibaki kuwaunganisha.

Mwaka 1832 alihamia chuo cha Princeton, na huko, yapata mwaka 1835, aliwaunganisha. Alifanya hivi: umeme dhaifu kutoka mbali ulifika kwenye sumaku ndogo, sumaku ndogo ikavuta kijiti cha chuma, na kijiti kile kikafungua au kufunga njia ya umeme wa betri nyingine iliyo karibu na sumaku kubwa. Wanafunzi waliona sumaku kubwa imebeba mzigo wa ratili mamia, na mwalimu wao amesimama mbali. Mara akigusa waya mwembamba, mzigo wote huanguka kwa kishindo. Aliwaambia kwamba kwa njia hiyo mtu angeweza kupiga kengele za kanisa la mbali. Alitandika pia waya kutoka chumba cha majaribio mpaka nyumbani kwake, akautumia kumpelekea mkewe habari, na kwa waya wa kurudi akaitumia ardhi yenyewe. Mkewe, Bibi Harriet, alikuwa amemwoa mwaka 1830.

Kuna mtu mwingine wa Princeton ambaye vitabu vingi humsahau. Bwana Henry alikuwa na msaidizi aliyeitwa Sam Parker, mtu mweusi, ambaye ndiye aliyezitayarisha betri na vyombo vya majaribio. Betri za siku zile hazikununuliwa dukani. Zilikuwa sahani za metali na tindikali kali. Mwaka 1842 Parker alipougua, majaribio ya profesa yalisimama mpaka alipopona. Mimi nasema kazi iliyotoka Princeton ilitoka kwa mikono minne, si miwili.

Sasa na twende kwenye motokaa. Motokaa ndogo nyingi tunazopanda zimeletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika huko. Fungua boneti, utazame karibu na betri. Utaona kisanduku cheusi cha plastiki chenye kifuniko cha kubana kwa vidole. Hicho ndicho cha kwanza. Cha pili kimo ndani, chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na goti lake au ubavuni mwa mguu wake. Baadhi ya motokaa zina na cha tatu, na kitabu cha motokaa kitakuonyesha, ikiwa hakijapotea. Ndani ya visanduku kuna vitu vya namna mbili. Vile vidogo bapa vya rangi rangi ni fyuzi. Vile vikubwa vyenye umbo la mchemraba, mara nyingi vyeusi, vyenye miguu minne au mitano, ni rilei, na hao ndio watoto wa Bwana Henry.

Kwa nini kisanduku chenye rilei kubwa kikae karibu na betri? Tufanye hesabu. Taa kubwa mbili za mbele, kila moja ya wati 55, ni wati 110. Betri ni ya volti 12. Gawanya, utapata ampea 9 na kidogo. Kama umeme huo wote ungetoka kwenye betri, upite ukutani mwa injini, uende mpaka swichi ya kwenye usukani, kisha urudi mbele kwenye taa, waya ungekuwa mrefu na mnene, na kama si mnene ungekula volti njiani, na taa zingekuwa za manjano kama kibatari. Swichi nayo ni ndogo. Ampea 9 zingeichoma upesi. Kwa hiyo swichi haiwashi taa. Swichi hupeleka umeme kidogo sana kwenye koili ya rilei. Koili yenye ukinzani wa omu 80 hutumia ampea 0.15 tu, yaani kama sehemu moja kati ya sitini ya ule wa taa. Koili inakuwa sumaku, inavuta kijiti, utasikia tak, na njia fupi nene kutoka betri mpaka taa inafunguka pale pale mbele. Mwenye masikio anakaa kwa dereva, mwenye nguvu anakaa kwa betri. Ni jambo lile lile la mwaka 1835.

Stata yahitaji umeme mwingi zaidi, ampea zaidi ya 100, kwa hiyo kiungo chake kikubwa hakikai hata kisandukuni. Kimefungwa juu ya stata yenyewe, mwisho wa waya mnene kama kidole. Lakini vitu vya ndani, kama redio, taa ya dari, saa za dashibodi na lile tundu la kibiriti ambalo siku hizi watu huchajia simu, hula umeme kidogo, navyo viko karibu na dereva. Fyuzi zake basi zimo katika kisanduku cha goti. Simu zikikataa kuchaji ndani ya motokaa, usiende kufungua boneti.

Kwenye rilei nyingi miguu imeandikwa namba. 85 na 86 ni miguu ya koili, yaani masikio. 30 ni mguu unaopokea umeme kutoka betri, na 87 unaopeleka kwenye taa au honi. Motokaa nyingine hazina namba hizo, lakini upande wa rilei mara nyingi kuna mchoro mdogo wenye koili na swichi, na mwanafunzi wa Fizikia ataweza kuusoma. Ndani ya kifuniko cha kisanduku kuna ramani ionyeshayo kila fyuzi na kila rilei mahali pake. Kwa motokaa zetu ramani hiyo huwa kwa Kijapani. Msikate tamaa: tarakimu za ampea ni zile zile zetu, na simu za mkononi za kisasa huweza kuyatafsiri maandishi yale mkiyapiga picha. Mkisha yapata, yaandikeni kwa Kiswahili kwenye karatasi na kuibandika kwa ndani. Dereva ye yote atawashukuru.

Nitasimulia jambo moja nililoliona mwenyewe. Wakati wa masika nilipanda motokaa ya abiria usiku kwenda Mbulu. Mvua ilikuwa imekwisha nyesha, utelezi ulikuwa mwingi, na ukungu umeshuka. Tulikuwa tumejaa, na nyuma yangu alikaa mama mmoja na mtoto mwenye homa kali anayepelekwa hospitali. Tulipokuwa tunashuka mteremko, taa zote mbili zilizimika mara moja. Dereva, mzee wa makamo, alisimamisha motokaa taratibu kando ya njia. Kijana wake alichomoa fyuzi za taa, akazimulika kwa simu, akaziona nzima. Basi akataka kuchukua waya na kuunga taa moja kwa moja kutoka betri. Abiria wengi walimkubalia, maana kila mtu alikuwa anamwangalia yule mtoto. Mzee akakataa. Akamwuliza kijana kama waya ule una fyuzi, naye akajibu hauna. Akamwuliza tena itakuwaje ukisuguana na chuma cha injini katika makorongo yale, na kijana akanyamaza. Kisha akatuomba sote tunyamaze. Akamwambia kijana awashe na kuzima swichi ya taa, naye akainamisha sikio juu ya kisanduku. Hakusikia tak. Akachomoa rilei ya taa, akachomoa na rilei ya honi, akazilinganisha: umbo moja, miguu minne, mchoro mmoja, ampea sawa. Akaiweka ya honi mahali pa taa. Taa zikawaka. Tuliendelea na safari bila honi, na mtoto akafikishwa kwa mganga usiku ule ule. Mzee yule hakupata kusikia jina la Joseph Henry, nilimwuliza, lakini aliijua kazi yake kuliko mimi niliyeisoma vitabuni.

Angalieni kwamba taa zote mbili zilizimika kwa wakati mmoja. Katika motokaa nyingi taa ya kulia ina fyuzi yake na ya kushoto ina yake, kusudi moja ikiharibika nyingine ibaki na kuokoa watu. Kwa hiyo taa moja ikizimika, tazama balbu na fyuzi yake. Zikizimika zote mbili pamoja, shaka iende kwanza kwenye kile wanachoshirikiana, na rilei ni mmojawapo.

Narudi kwa Bwana Henry. Nimesema kwamba kazi ya darasani ilimgharimu. Yeye aliona kwamba sumaku inaweza kuzaa umeme katika waya, lakini kabla hajapata nafasi ya kumaliza majaribio na kuyaandika, Michael Faraday wa Uingereza alitangaza jambo hilo, mwaka 1831, na heshima ikawa yake kwa haki. Mwaka 1832 Bwana Henry aliandika kwa haraka aliyoyaona, pamoja na jingine ambalo Faraday alikuwa hajalitangaza: waya mrefu uliozungushwa ukikatwa umeme ghafula, hutoa cheche, kana kwamba umeme unakataa kusimama. Rilei za motokaa zina tabia hiyo hiyo. Koili inapozimwa hutoa pigo la umeme la volti nyingi kuliko za betri, kwa hiyo ndani ya rilei nyingi wameweka kipande kidogo cha kulimeza pigo hilo, lisije likaharibu vyombo vya elektroni.

Juu ya simu ya waya ya Samuel Morse kulitokea ugomvi mrefu. Bwana Morse alifungua waya wake kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844, umbali wa yapata maili 40, na waya huo haungefanya kazi bila elimu ya sumaku mbili niliyoieleza. Rafiki yake Leonard Gale ndiye aliyemwonyesha maandiko ya Henry ya mwaka 1831. Bwana Henry hakuchukua hati ya kumiliki uvumbuzi wake, naye hakudai fedha. Lakini kesi zilipofika mahakamani aliitwa atoe ushahidi, akasema alichokijua. Morse alikasirika, na mwaka 1855 akaandika maneno makali ya kumwita asiye mwaminifu. Baraza la chuo cha Smithsonian lilichunguza, likamwona Bwana Henry hana hatia. Mimi naona alikosa kitu kimoja tu: kwa miaka mingi alikawia kuyaandika na kuyachapisha aliyoyafanya, na mwenye kukawia kuandika huwaachia wengine kalamu.

Smithsonian ni shirika la elimu katika mji wa Washington, nalo lilianzishwa kwa fedha alizoziacha Mwingereza James Smithson. Bwana Henry alichaguliwa kuwa Katibu wake wa kwanza mwaka 1846, akashika kazi hiyo mpaka kufa. Aliwakusanya watu wa kujitolea mahali mbalimbali wapime mvua na joto na upepo, na habari zao zikaja kwa waya wa simu, zikaonyeshwa juu ya ramani moja ukutani. Habari za hali ya hewa tunazozisikia redioni zina asili katika kazi ya namna hiyo. Mwaka 1875 kijana mmoja, Alexander Graham Bell, alimwendea akiwa na wazo lake la kupeleka sauti kwa waya, akalalamika kwamba hana elimu ya umeme ya kutosha. Mzee akamjibu kwa ufupi akaitafute.

Sipendi kulificha jambo jingine. Mwaka 1862, nchi ya Marekani ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu walipanga mihadhara katika ukumbi wa Smithsonian, na mmoja wa wasemaji waliotakiwa alikuwa Frederick Douglass, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, akatoroka, akawa msemaji mkubwa dhidi ya utumwa. Bwana Henry alikataa asisimame katika ukumbi ule. Mtu aliyetegemea mikono ya Sam Parker katika majaribio yake aliufunga mlango kwa Frederick Douglass. Wanaomsifu Bwana Henry wanapaswa kulieleza hilo pia, nami nimelieleza.

Kisha kulikuja moto. Mwezi wa Januari mwaka 1865 kulikuwa na baridi kali. Wafanyakazi waliokuwa wakipanga picha katika ukumbi wa juu wa jengo la Smithsonian walileta jiko ili wapate joto, wakaingiza bomba la moshi katika tundu la ukutani. Walidhani ni njia ya moshi, kumbe ni uwazi tu nyuma ya matofali. Makaa na joto likajikusanya chini ya paa bila mtu kuona, na tarehe 24 paa likawaka. Picha za thamani ziliteketea, na vitu vya James Smithson mwenyewe, na barua za Bwana Henry za miaka mingi. Jiko lilikuwa zima na bomba lilikuwa zima. Kosa lilikuwa mahali lilipochomekwa.

Moto wa motokaa mara nyingi huanza kwa namna hiyo hiyo, mahali pasipoonekana, nyuma ya dashibodi au chini ya zulia, penye waya uliopata moto. Kwa hatari hiyo ndipo ilipo kazi ya fyuzi. Fyuzi si kazi ya Bwana Henry. Thomas Edison alipata hati ya waya wake wa usalama mwaka 1880, miaka miwili baada ya Henry kufariki. Watu wengi hudhani fyuzi huilinda taa au redio. Sivyo. Fyuzi huulinda waya. Ni sehemu ya waya iliyofanywa dhaifu kwa makusudi, ife kwanza, mahali panapoonekana na kufikika kwa mkono. Ndiyo sababu hukaa mwanzoni mwa njia, karibu na chanzo cha umeme, na si mwishoni karibu na taa; waya wote ulio mbele yake unalindwa, ulio nyuma yake haulindwi.

Rangi za fyuzi bapa zina maana. Ya kahawia ni ampea 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, ya manjano ni 20, na ya kijani ni 30. Mtu akitoa ya 10 iliyokatika na kuweka ya 30 kwa kuwa ndiyo aliyo nayo, basi katika njia ile kitakachokatika kwanza si fyuzi tena, ni waya wenyewe, na hukatika kwa kuwaka. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na uzi wa shaba ni vibaya zaidi, maana havina kipimo cho chote. Nimeviona vyote viwili katika motokaa za abiria. Fyuzi mpya ikikatika mara moja baada ya kuwekwa, motokaa inakuambia kwamba kuna mahali waya umegusa chuma, na mahali hapo patafutwe kwanza. Kabla ya kuchomoa fyuzi au rilei zima ufunguo. Ndani ya kisanduku cha chini ya boneti kwa kawaida kuna koleo dogo la plastiki la kuchomolea fyuzi. Bisibisi ikiteleza karibu na betri huleta balaa.

Bwana Joseph Henry alifariki Washington tarehe 13 Mei 1878. Mwaka uliofuata waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na pwani yetu ikaingia katika mazungumzo ya dunia. Mwaka 1893 wataalamu wa umeme walikutana Chicago wakakubaliana kwamba kipimo cha ile tabia ya waya uliozungushwa kukataa umeme kusimama ghafula kiitwe henry. Kwa hiyo jina lake huandikwa kwa herufi ndogo vitabuni, kama volti na ampea.

Rilei moja mbovu nimeikata kifuniko, iko juu ya meza katika chumba cha Fizikia pamoja na betri. Koili, kijiti na viungo vyote vinaonekana. Wanafunzi wa kidato cho chote wanaweza kuja kuisikiliza Jumamosi baada ya usafi, na wazazi wenye motokaa nao wanakaribishwa siku ya mkutano, hasa wale ambao ramani za visanduku vyao bado ni za Kijapani.